Nywele nyembamba na kavu: soma lebo kabla ya kununua
Nywele zikikauka, wengi hukimbilia mafuta ya nyonyo au siagi ya shea. Nywele nyembamba hulemewa: zinalala, zinanata, na bado ni kavu, maana mafuta hayaongezi maji, hufunika tu. Tafuta kondishena nyepesi inayoanza na maji kwenye orodha ya viambato, halafu gliserini au panthenoli (viambato vinavyovuta na kushika unyevu) ziwe karibu na mwanzo wa orodha. "Cetyl alcohol" isikutishe, hiyo hulainisha, inayokausha ni "alcohol denat." (spiriti) ikiwa juu kwenye orodha. Paka kuanzia katikati ya nywele hadi ncha, ngozi ya kichwa uiache, kisha suuza vizuri. Mafuta? Matone 2 au 3 ya jojoba yanatosha, nywele zikiwa bado na unyevunyevu. Shampuu iwe isiyo na "sodium lauryl sulfate", kiambato kikali cha kutoa povu.