Ukija likizo Dodoma, anza na laini ya mama

Sisi tulioko nje tunalinda sana nywila zetu. Lakini fedha tunazotuma zinapokelewa na simu ndogo ya mama kule Kongwa au Bahi, na laini yenyewe mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mpwa au kijana wa jirani. Haikufanywa kwa ubaya. Mama hakuwa na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), au vidole vilivyosuguliwa na jembe miaka yote mashine ilikataa kuvisoma. Shida huja kijana akihama, au mkikosana: laini ikipotea, mwenye uwezo wa kuirudisha ni yeye.

Kwa hiyo mpeleke mama ofisi ya NIDA ya wilaya kama bado hajajiandikisha. Akishapata namba, mwende duka la kampuni ya simu, si kwa kijana wa mwavuli pale stendi, laini iandikwe jina lake. Simama naye karibu. Akiambiwa "kidole hakijasoma, rudia", uliza kinasajiliwa nini, maana kwa ujanja huo watu wamesajiliwa laini ya pili bila kujua. Mkimaliza, pigeni *106# kwenye simu yake mhakiki laini zilizo chini ya namba yake. Asiyoitambua ifutwe siku hiyohiyo.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukiibandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp ili binamu akufuatilie kiwanja, umeigawa na tarehe yako kwa kila aliyemo. Mtumie binamu peke yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na nafurahi ipo. Ila haitamzuia mjukuu kurusha mtandaoni picha ya bibi akiwa kitandani, amedhoofu, eti tumwombee. Hilo linaniuma. Mkubwa huombwa ruhusa. Mwoneshe picha, mwambie nani wataiona, kwa Kigogo kama ndicho anachokielewa vizuri. Akikataa, yameisha.

Mwisho, wekeni makubaliano: ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haufanyiwi kazi na mtu yeyote nyumbani, wala na wewe, mpaka mmepigiana kwa namba mliyoizoea. Namba ya tapeli itumeni kwenda 15040.