Somo: Kuanza na Strapi, CMS isiyo na sura

Wakuu, CMS ni mfumo wa kutunza maudhui ya tovuti, na wengi wetu tumezoea WordPress: unaandika habari, yenyewe inaipangia ukurasa. Strapi haijishughulishi na ukurasa. Inatunza maudhui na kuyatoa kama JSON (data iliyopangwa kama maandishi) kupitia API (anwani ambayo programu nyingine inaombea data), sura unaitengeneza mwenyewe kwa React, Vue (zana za JavaScript za kujengea kurasa) au hata HTML tupu. Siku mteja akitaka na app ya simu, inachota habari zile zile.

Mfano wetu ni matangazo ya shule, kwa Strapi 5.

1. Kwenye terminal andika `node -v` uone toleo la Node.js, programu inayoendesha Strapi. Tumia la LTS (linalotunzwa kwa muda mrefu). Matoleo ya namba witiri hayakubaliki.

2. `npx create-strapi@latest shule`. Ukiulizwa habari za akaunti, ruka. Hifadhidata chagua SQLite (inakaa kwenye faili moja), inatosha kujifunzia. Hapa yanashuka mafaili mengi. Mimi bando lilikata katikati, nikafuta folda nikaanza upya.

3. `cd shule`, kisha `npm run develop`. Fungua `localhost:1337/admin`, jisajili kama msimamizi.

4. Kwenye Content-Type Builder tengeneza collection type (aina ya maudhui yenye vipengee vingi) iitwayo Tangazo. Angalia hapo kwenye API ID ya wingi (jina litakaloonekana kwenye anwani): Strapi inaweka wingi kwa Kiingereza, itakuandikia "tangazos"! Ifute, andika "matangazo" kabla hujaendelea. Ongeza kichwa (Text), maelezo (Rich text) na picha (Media). Save, seva itajiwasha upya.

5. Ingia Content Manager, andika tangazo moja, bonyeza Publish. Ukiishia Save linabaki rasimu, na API haitoi rasimu usipoiomba.

6. Fungua `localhost:1337/api/matangazo`. Utakutana na 403 Forbidden. Hujakosea kitu: mlango umefungwa tangu mwanzo, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Nenda Settings, chini ya Users & Permissions fungua Roles, halafu Public (wageni wasioingia kwa akaunti), halafu Tangazo. Tiki `find` na `findOne` (kusoma yote na kusoma moja), kisha Save. `create` na `delete` usiziguse, la sivyo mpita njia yeyote ataifutia shule matangazo. Onyesha upya ukurasa, JSON hiyo.

Maswali

*Mkuu, kichwa kinakuja ila picha haimo.*
Picha na mahusiano haviji mpaka uviombe. Ongeza `?populate=picha` mwishoni mwa anwani.

*Nafuata video moja, inasema `data[0].attributes.kichwa`. Kwangu inagoma.*
Hiyo ni ya toleo la 4. La 5 limeondoa `attributes`, andika `data[0].kichwa`. Ukitaka tangazo moja, tumia `documentId` badala ya `id`.

*Nimeshapandisha kwenye seva, sasa Content-Type Builder hainiruhusu kuongeza sehemu ya tarehe.*
Ndivyo ilivyo, inafanya kazi ukiwasha kwa `npm run develop` tu. Ongeza kwenye kompyuta yako, kisha pandisha msimbo (code) upya. Matangazo yaliyoko kwenye seva hayaguswi, maana kinachosafiri ni muundo. Ila hakikisha hifadhidata ya kule si lile faili la SQLite ndani ya folda unayoifuta kila ukipandisha.