Kuchagua Haidrenjia Fupi kwa Eneo Dogo la Bustani

Mche wa haidrenjia, kichaka cha maua ya mapambo, ukiwa kitaluni, ndani ya chungu cha lita chache, haumwambii mnunuzi ukweli wote. Aina ya 'Limelight', ambayo kwa kawaida hufikia kimo cha mita 1.8 hadi 2.4, na aina ya 'Bobo', ambayo huishia karibu na sentimita 90, huweza kupangwa kwenye meza moja zikiwa na kimo kilekile na majani yanayofanana. Anayepanda chini ya dirisha au kando ya ngazi za mlango wa mbele anapaswa basi kuchagua kwa jina la aina na kwa vipimo vya mmea uliokomaa. Wazo la kununua aina kubwa na kuizuia kwa mkasi kila mwaka halifai, kwa sababu matawi huchipuka upya na kukirudia kimo chao cha asili, na katika baadhi ya jamii (spishi) za haidrenjia, kama itakavyoelezwa, kupogoa wakati usiofaa huondoa maua ya msimu mzima.

Kazi ya kwanza hufanyika nyumbani. Chukua futi kamba upime eneo lenyewe, ukianza na upana, kwa kuwa haidrenjia fupi mara nyingi hutanuka sawa na kimo chake au zaidi, na wanunuzi wengi husoma kimo peke yake. Zungusha mpira wa maji ardhini ufanye duara lenye kipenyo sawa na upana wa mmea uliokomaa, kisha fungua mlango, fungua dirisha, pita na toroli, na uone kama duara hilo linakanyagwa. Shina linapaswa kukaa mbali na ukuta kwa nusu ya upana huo pamoja na sentimita 20 au 30 za ziada, maana majani yasiyopitiwa na hewa hushikwa kwa urahisi na ubwiriunga. Tazama pia paa, kwani ardhi iliyo chini ya ukingo wake inaweza kubaki kavu hata mvua ikinyesha siku nzima. Mwisho, angalia jua linapiga wapi saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, na uandike.

Jua likishajulikana, swali kubwa ni la jamii, na hapa ndipo pa kutulia.

Hydrangea macrophylla, yenye asili ya Japani, ndiyo yenye mashada ya mviringo ya buluu au waridi ambayo watu wengi huyafikiria wanaposikia jina la haidrenjia. Matumba yake ya maua hujiunda mwishoni mwa majira ya joto, juu ya matawi ya mwaka huohuo, hulala humo kipindi chote cha baridi, kisha huchanua mwaka unaofuata. Ukilichunguza tawi lake majani yakishapukutika, utaona tumba moja nene kwenye ncha, limekunjamana kama ngumi, na chini yake jozi za matumba madogo yaliyobanwa kwenye gamba. Lile la nchani ndilo lenye ahadi ya ua, na likipatwa na mkasi au barafu, tawi mara nyingi hutoa majani matupu. Zipo aina zinazochanua juu ya matawi ya zamani na ya mwaka huohuo pia, kama 'Endless Summer' iliyoingia sokoni mwaka 2004, lakini mahali penye msimu mfupi wa joto maua hayo ya pili huchelewa, nami nisingezitegemea kwa sababu hiyo tu.

Hydrangea paniculata hufuata kanuni tofauti kabisa. Matumba yake hujiunda juu ya machipukizi ya mwaka huohuo, hivyo baridi ikiunguza ncha zake, au mwenye bustani akizikata mwishoni mwa majira ya baridi, maua hutokea vilevile. Mashada yake yana umbo la pia, huanza meupe au ya kijani hafifu, na kugeuka waridi yanapozeeka. Fupi zake zinazopatikana kwa wingi Marekani na Ulaya ni 'Bobo', 'Little Lime' na 'Little Quick Fire', na ieleweke kwamba mbili za mwisho huweza kufika mita 1.5, kimo ambacho ni kifupi tu kikilinganishwa na mama zao. Hydrangea arborescens, ya mashariki mwa Marekani, nayo huchanua juu ya machipukizi mapya. 'Annabelle', iliyopewa jina kutokana na mji wa Anna huko Illinois, ni maarufu lakini huinamia njia baada ya mvua kubwa, kwa hiyo penye nafasi finyu ni afadhali 'Invincibelle Wee White', isiyozidi sentimita 75.

Kwa msomaji anayeishi Minneapolis, ushauri wangu ni kuanza na jamii hizi mbili. Tafuta kwanza kanda yako ya baridi kwenye ramani ya Idara ya Kilimo ya Marekani, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2023, kisha uilinganishe na namba iliyo kwenye lebo (namba ndogo ni ya baridi kali zaidi): paniculata nyingi huvumilia hadi kanda ya 3, ilhali macrophylla huanza kupoteza matumba kwenye kanda ya 5. Palipo na joto la wastani na kivuli, 'Munchkin', iliyotolewa na Bustani ya Taifa ya Miti ya Marekani mwaka 2010, ina kimo cha sentimita 90 hivi, majani mfano wa mwaloni na rangi nzuri kabla ya kupukutika, ila upana wake unapita mita 1.3.

Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki uchaguzi hugeuka. Barafu ya kuua matumba ya macrophylla ni nadra, na jamii hiyo inahitaji wiki kadhaa za hali ya hewa iliyo chini ya nyuzi 18 za Selsiasi ili itunge maua, jambo linalowezekana Limuru au Lushoto lakini si Mombasa wala Dar es Salaam. Aina yenye jina kama 'Pia', ya sentimita 60 hadi 90, isipopatikana, omba kipande cha tawi kutoka kwenye mmea wa jirani ambao umekomaa na unaujua kimo chake, kwa kuwa kinachooteshwa kwa tawi hurithi umbo la mama yake.

Rangi isikuendeshe sana. Macrophylla za rangi huwa buluu kwenye udongo wenye tindikali, pH (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka tindikali inapozidi) ikiwa chini ya 5.5 hivi, ambako mizizi huweza kufyonza alumini, na huwa waridi pH inapopita 6.5, udongo unaostawisha chai kwa hiyo huelekea kutoa buluu bila msaada. Karibu na msingi wa nyumba mambo hubadilika, kwani chokaa inayotoka kwenye saruji hupunguza tindikali, na mmea ulionunuliwa ukiwa buluu waweza kugeuka waridi kando ya ukuta. Nyeupe hazibadilishwi na udongo, na paniculata pia haziguswi na jambo hili. Kuhusu jua, macrophylla hupenda la asubuhi na kivuli cha mchana, ilhali paniculata hustahimili jua la muda wa saa sita au zaidi kwa siku.

Jihadhari na haidrenjia za zawadi zinazouzwa madukani zikiwa zimefungwa karatasi ya kung'aa. Nyingi hukuzwa kwa dawa za kudumaza ili zibaki fupi chunguni, na zikishapandwa ardhini dawa huisha nguvu na mmea hurefuka.

Kitaluni, soma upana kwenye lebo, kisha uutoe mche chunguni ikiwa muuzaji anaruhusu. Mizizi myeupe inayoonekana huku na huko kwenye udongo ni dalili njema. Iliyozunguka chungu na kukakamaa kama kamba ni ya kuachwa. Chagua wenye mashina matatu au zaidi kutoka chini, hata kama hauna ua, badala ya wenye shina moja na shada kubwa. Wenye mbwa au paka wakumbuke kwamba majani na maua yake yana sumu kwa wanyama hao.

Anayepanga nyumba, au mwenye kibaraza tu, anaweza kutumia chungu cha upana wa sentimita 45 chenye matundu chini, na penye baridi kali achague aina inayovumilia baridi ya kanda mbili chini ya yake, kwa sababu mizizi iliyo chunguni haina ardhi ya kuikinga.