Matairi makubwa ya nyuma kwenye trekta la zamani: pima kwanza, nunua baadaye

Wakulima wengi hutaka kufunga matairi makubwa nyuma ya trekta la zamani kwa sababu trekta linateleza. Udongo ukiwa mbichi na plau ikizama, magurudumu yanachimba mashimo badala ya kusonga mbele. Wengine wanasukumwa na soko: saizi ya asili haipatikani, na muuzaji anayo iliyozidi kidogo. Zote ni sababu za kweli. Ila tairi kubwa haliongezi nguvu ya injini hata chembe. Linabadilisha tu namna nguvu ileile inavyofika ardhini, na ukizidisha, mzigo unaangukia gia na ekseli ambazo hazikutengenezwa kuubeba.

Anza kwa kusoma namba zilizoandikwa ubavuni. Tairi la 12.4-28 lina upana wa takriban inchi 12.4, na linakaa kwenye ringi yenye kipenyo cha inchi 28. Matrekta ya zamani mara nyingi yana namba za mtindo wa kale: 10-28 ndiyo 11.2-28 ya leo, 11-28 ndiyo 12.4-28, na 12-28 ndiyo 13.6-28. Kwa hiyo mwenye Ferguson TE20, trekta lililotengenezwa kati ya 1946 na 1956 na kutoka kiwandani likiwa na 10-28, akifunga 12.4-28 tayari amepanda saizi moja, hata kama muuzaji anamwambia ni saizi ileile. Upande wa matairi ya radial, yale yenye herufi R kwenye namba, 320/85R28 inachukua nafasi ya 12.4, na 340/85R28 nafasi ya 13.6. Usichanganye radial upande mmoja na tairi la kawaida upande wa pili. Magurudumu ya nyuma yakitofautiana kipenyo, difu (gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) inafanya kazi bila kupumzika hata trekta likienda moja kwa moja, na inakwisha mapema.

Sasa hesabu. Kipenyo chote cha tairi la 12.4-28 ni karibu milimita 1260, cha 13.6-28 ni karibu 1310, na cha 14.9-28 ni karibu 1365. Ukitoka 12.4 kwenda 13.6 umeongeza asilimia 4. Kila gia itaenda kasi zaidi kwa asilimia 4, na nguvu ya kuvuta itapungua kwa kiasi hichohicho. Breki nazo zinapungua ukali, jambo la kuangalia sana kwa trekta la zamani linalovuta trela kwenye mteremko. Hatua hiyo moja inavumilika. Ukirukia 14.9 umevuka asilimia 8, na hapo gia ya kwanza, ambayo kwenye matrekta haya mara nyingi tayari ni ya haraka kwa kazi nzito, inakuwa ya haraka kupita kiasi. Dereva ataishia kuchezea klachi kutwa nzima.

Kuna jambo moja husahaulika. Shafti ya PTO, ile ya nyuma inayoendesha mashine zilizofungwa kwenye trekta, haijui kwamba umebadilisha tairi. Itaendelea kuzunguka mara 540 kwa dakika huku trekta likienda kasi zaidi, kwa hiyo bomba la kunyunyizia dawa litamwaga dawa pungufu kwa kila ekari. Baada ya kufunga tairi jipya, pima upya kiasi cha dawa kabla ya kuingia shambani.

Ringi ndiyo inayowaangusha wengi. Tairi la 12.4-28 linataka ringi yenye upana wa inchi 11, na 10 inakubalika. La 13.6-28 linataka inchi 12, na 11 inakubalika. La 14.9-28 linataka 13, na 12 inakubalika. Chukua futi na pima upana kwa ndani, kutoka ukingo mmoja unapokaa mdomo wa tairi hadi ukingo wa pili. Usipime nje kwa nje. Tairi pana kwenye ringi nyembamba linajikunja na kuwa la mviringo, meno ya katikati ndiyo yanashika udongo peke yake, na ya pembeni yanabaki hewani. Umelipia upana ambao ardhi haiuoni. Kama ringi imeliwa na kutu kuzunguka tundu la valvu au kwenye mikia inayoshika sahani ya gurudumu, ibadilishe, na uchukue ringi ya upana unaofaa hapohapo.

Kisha nafasi. Kutoka 12.4 hadi 13.6 tairi linaongezeka milimita 25 kwenda juu na karibu milimita 15 kila upande. Si nyingi ukizisoma kwenye karatasi, lakini ingia chini ya madigadi ukaangalie. Utaona mikono ya chini ya kunyanyulia plau, minyororo inayoizuia isiyumbe, na boliti za madigadi zilizochomoza ndani. Nyanyua mikono hadi juu, isukume kushoto hadi mwisho, halafu kulia, na kila mara angalia nafasi iliyobaki hadi kwenye ubavu wa tairi. Sehemu ambayo mpira umeng'aa na kupata mstari laini ndipo mnyororo unaposugua hata sasa. Mimi hutaka vidole vinne vipite kati ya meno na madigadi, kwa sababu tope linaloganda huko linakuwa gumu na kukwangua mpira kazi ikiendelea.

Nafasi ikikosekana, panua magurudumu. TE20 iliundwa ili upana kati ya magurudumu ubadilike kutoka inchi 48 hadi 76, kwa hatua za inchi 4, kwa kugeuza ringi na sahani. Ukigeuza gurudumu ndani-nje, meno yanaelekea kinyume, hivyo la kushoto linahamia kulia na la kulia kushoto. Ukisimama nyuma ya trekta, ncha ya meno yenye umbo la V inapaswa kuelekea juu.

Anayelima kwa plau ya kupindua udongo ana kikwazo kingine. Gurudumu moja linatembea ndani ya mfereji. Plau yenye mkato wa inchi 12 inaacha mfereji wa milimita 305 hivi, na tairi la 14.9 lina upana wa karibu milimita 378. Litapanda ukuta wa mfereji au kukanyaga udongo uliokwisha kupinduliwa. Kwa mtu huyo, tairi kubwa linaharibu kazi iliyolileta trekta shambani.

Kuna faida ya kweli pia. Tairi kubwa hubeba mzigo uleule kwa upepo mdogo zaidi, linaukanyaga udongo kwa upole, na halizami haraka. Ila mshiko ukiongezeka, kile ambacho awali kiliishia kwenye kuteleza sasa kinaishia kwenye meno ya difu na nusu ekseli. Kuteleza kidogo kulikuwa kinga.

Ndiyo maana nashauri upime kuteleza kabla ya kutoa pesa. Weka alama ya chaki ubavuni mwa tairi. Endesha plau ikiwa juu hadi gurudumu lizunguke mara 10, kisha pima umbali. Rudia plau ikiwa ndani ya udongo. Ikiwa mara ya kwanza umepata mita 38 na ya pili 33, unateleza kwa asilimia 13, na kwa trekta linalovutwa na magurudumu mawili hiyo ni hali nzuri. Ukipata mita 30, umefika asilimia 21, na hapo una haki ya kutafuta dawa. Dawa ya kwanza ni meno mapya ya saizi ileile, upepo sahihi, na uzito: vyuma vya gurudumuni, au maji ndani ya tairi hadi robo tatu. Tairi la 13.6-28 linapokea karibu lita 200 kwa kiwango hicho. Mara nyingi hayo yanatosha, na trekta linabaki na gia zake.

Ukiamua kubadilisha, nunua tyubu mpya ya saizi ya tairi jipya. Tyubu ndogo inatanuka kupita kiasi, kubwa inajikunja, na zote hupasuka. Paka midomo ya tairi maji ya sabuni. Usitumie petroli wala gesi ya kuwasha moto ili kulikalisha, na usichomelee ringi yenye tairi juu yake hata kama upepo umetoka. Hewa iliyobaki ndani inapata joto na kulipuka, na watu wamekufa kwa kosa hilo. Wakati wa kujaza, tumia mpira mrefu na usimame pembeni, si mbele ya ubavu. Usivuke psi 35 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) ukijaribu kukalisha midomo. Ikikataa, toa upepo, paka sabuni tena, uanze upya. Midomo ikikaa, shusha hadi upepo wa kazi. Kwa matairi ya aina hii shambani mara nyingi ni psi 12 hadi 16, kulingana na mzigo na jedwali la mtengenezaji wa tairi.

Kaza nati za gurudumu kwa kupokezana pande, usizifuate kwa mzunguko. Zirudie baada ya saa za mwanzo za kazi na tena jioni, kwa sababu rangi na kutu vilivyobanwa chini ya nati hulegea. Siku hiyohiyo angalia tena ubavu wa ndani, mahali mnyororo ulipokuwa ukisugua.