Mgonjwa amekuja na goti, mtibu goti: hatua za kuondoa unyanyapaa wa unene kwenye fiziotherapia

Mwongozo huu nawaandikia wenzangu wa fiziotherapia, hasa mlio kwenye vyumba vya pazia moja na vitanda viwili. Mgonjwa mnene akifika kwetu, mara nyingi hukutana na "mama, punguza mwili kwanza" kabla hata hajaulizwa goti linamuuma akipanda ngazi au akishuka. Wala si kwetu tu. Mwaka 2014 Jenny Setchell na wenzake walichapisha utafiti uliohoji wafiziotherapia 265 wa Australia, na unyanyapaa wa unene ukaonekana, kwa wazi na kwa kificho.

Hatua ya 1: Anza na chumba

Chumba huanza kumsema mtu kabla hujafungua mdomo. Viti vya plastiki vyenye mikono humbana mapaja, na akisimama kiti kinasimama naye, watu wanacheka. Weka benchi imara, au viti viwili visivyo na mikono. Soma kibandiko cha kitanda ujue kinabeba kilo ngapi, ili usije ukakitazama kwa wasiwasi mgonjwa akiwa mbele yako. Kanga za kujifunika ziwe pana.

Mkanda wa presha ni jambo la kitabibu kabisa. Ule wa kawaida ni wa mkono wenye mzunguko wa takriban sm 27 hadi 34. Mkono wa sm 35 hadi 44 unahitaji mkanda mkubwa. Ukilazimisha mdogo, presha itasoma juu kuliko ilivyo, na mtu ataenda nyumbani na ugonjwa asiokuwa nao. Mkanda mkubwa ukikosekana, uombe. Hiyo ni vita ndogo ya kushinda.

Hatua ya 2: Ondoa mizani kwenye korido

Sote tunaijua sauti ile: "Mia na kumi na mbili!" na foleni nzima inageuka. Kabla ya kupima, jiulize namba hiyo itabadilisha nini leo. Kwa kifundo cha mkono kilichoteguka, hakuna. Kama inahitajika, kwa mfano kuchagua magongo yatakayomhimili, pima faraghani, andika, nyamaza. Asiyetaka kuiona namba asigeuzwe kuitazama.

Hatua ya 3: Uliza kama ambavyo ungemuuliza mwembamba

Angekuwa mwembamba ungempima nini? Fanya hicho kwanza. Kwenye "ni uzito tu" ndipo mambo mazito hupotelea: mgongo unaoambatana na ganzi sehemu za siri na mkojo usiozuilika, au mguu mmoja uliovimba ghafla ambao huenda damu imeganda ndani. Hao ni wa dharura, wawe na kilo 50 au 150.

Unapogusa, eleza kwanza, kisha weka kiganja chote. Kumbonyeza mtu kwa ncha za vidole viwili humwambia unamwonea kinyaa.

Hatua ya 4: Uzito ukihitaji kuzungumzwa, omba ruhusa

Sisemi tujifanye hatuoni. Uzito una mchango wake kwenye goti lililosagika, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa. Ila mtaani kwetu mtu huyohuyo jana aliambiwa amenawiri, leo hospitalini anafokewa. Usikisie anavyouona mwili wake.

"Mama, yapo mengi yanayochangia maumivu haya, na uzito ni mojawapo. Ungependa tuuzungumzie leo, au tuanze na mazoezi?"

"Mwanangu, la uzito nimeambiwa kila mahali. Mimi nataka niswali bila kiti."

Basi. Lengo lako hilo hapo, limetoka kinywani mwake. Na "bonge" za utani kati ya wahudumu zikome hata mlango ukiwa umefungwa. Kuta zetu ni nyembamba.

Hatua ya 5: Panga mazoezi anayoweza kuyaanza leo

Usimlaze chini siku ya kwanza mbele za watu. Anza kitini: ongeza mto juu ya kiti, asimame na kukaa mara kadhaa, kisha wiki zinavyokwenda punguza kimo. Taulo lililokunjwa chini ya goti, akaze paja, ashikilie sekunde 5, aachie, arudie mara 10. Maumivu madogo yanayotulia baadaye si sababu ya kuacha. Paja likipata nguvu goti hupata nafuu hata kama kilo hazijashuka, na hili mwambie waziwazi, maana wengi wameaminishwa kwamba wakonde kwanza ndipo watibiwe.

Maendeleo yapime kwa mara anazosimama ndani ya sekunde 30, ngazi anazopanda, na umbali uliobaki kufikia sijda.

Hatua ya 6: Faili na rufaa

Mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema mgonjwa wa goti lililosagika asinyimwe rufaa ya kubadilishiwa kiungo kwa sababu ya BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu wake. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya barua yako isiwe "mgonjwa mnene". Andika: "Amefanya mazoezi kwa wiki 12, maumivu bado yanamwamsha usiku, hawezi kupanda ngazi bila kushika ukuta." Kilo, kama daktari wa upasuaji anazihitaji, zikae pamoja na presha na sukari.