Kurusha Skrini ya Kompyuta Moja Kwenda Nyingine: Mambo ya Kukagua Mapema

Katika mafunzo ya uwekaji hesabu tuliyoyafanya Ngamiani, hapa Tanga, tulikuwa na kompyuta mpakato mbili na hatukuwa na projekta. Washiriki walikaa katika meza mbili, nasi tulitaka jedwali lililokuwa katika kompyuta ya mkufunzi lionekane pia katika skrini ya ile ya pili. Muuzaji alikuwa ametuhakikishia kwamba zote mbili zina Miracast, yaani njia ya kurusha picha ya skrini bila waya, na hakusema uongo. Hata hivyo tulipoteza saa nzima ya asubuhi bila kuona kitu, huku kina mama waliofunga genge zao ili waje kujifunza wakitungoja, kwa sababu hakuna aliyetueleza kwamba kompyuta inayoweza kurusha picha si lazima iweze kuipokea.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuamua ni ipi itakayorusha na ni ipi itakayopokea, kisha kuikagua kila moja kwa kazi yake. Kompyuta za Windows zilianza kurusha kwa Miracast tangu Windows 8.1 ya mwaka 2013, lakini kupokea kulikuja baadaye, katika toleo la 1607 la Windows 10 lililotoka mwaka 2016. Kuanzia toleo lililoitwa 2004 (hilo ni jina la toleo, si mwaka, kwani lilitoka 2020), programu ya kupokea haiji tena ikiwa imewekwa tayari. Inakubidi uingie kwenye mipangilio, utafute orodha ya vipengele vya hiari, na uongeze kile kinachoitwa “Wireless Display”. Kazi hiyo inahitaji intaneti, hivyo ifanye nyumbani kabla ya kwenda ukumbini. Sisi ndipo tulipokwama: kompyuta ya pili haikuwa na kipengele hicho, na ukumbi haukuwa na intaneti.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba vifaa vya ndani vinakubali. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika netsh wlan show drivers, ubonyeze Enter, kisha utafute mstari unaoanza na “Wireless Display Supported”. Mstari huo hutoa jibu la jumla, na ndani ya mabano hutaja kando draiva (programu inayoendesha kifaa cha ndani) ya picha na draiva ya Wi-Fi, kwa hiyo jibu likiwa “No” utajua ni upande upi wenye tatizo. Kompyuta za mitumba, ambazo ndizo wengi wetu tunazonunua, mara nyingi zimewekewa Windows upya bila draiva ya picha iliyotengenezwa kwa ajili yake, na hapo Miracast hukataa ingawa kifaa chenyewe ni kizima. Dawa yake ni kupakua draiva hiyo kutoka tovuti ya mtengenezaji kwa kutumia namba kamili ya modeli. Kompyuta ya mezani isiyo na kadi ya Wi-Fi ina tatizo jingine, na kwayo ni afadhali uende moja kwa moja kwenye njia ya mtandao nitakayoieleza hapa chini.

Ukaguzi ukikamilika, fungua programu ya kupokea katika kompyuta ya pili, halafu katika ile ya kwanza bonyeza kitufe cha Windows pamoja na K, na uchague jina la mwenzake linapotokea. Windows pamoja na P hukuwezesha kuchagua kama skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja.

Hayo yote ni ya Windows kwa Windows. Kompyuta za Mac hazitumii Miracast bali AirPlay, njia ya Apple ya kurusha picha, nazo zilianza kupokea kwa njia hiyo kwa macOS Monterey ya mwaka 2021, tena si modeli zote: kwa MacBook Pro na MacBook Air ni zile za mwaka 2018 na kuendelea. Mac na Windows hazina njia ya pamoja ya kurushiana skrini inayokuja ndani ya mashine.

Wengi wakifika hapo hukimbilia kununua waya wa HDMI, na pesa hiyo hupotea. Tundu la HDMI la kompyuta mpakato, kwa kawaida, hutoa picha tu, hivyo ukiunganisha mawili hakuna upande unaopokea. Waya hufaa ukiongeza kifaa kidogo cha kunasa picha, kinachoingia HDMI upande mmoja na USB upande wa pili. Kompyuta inayopokea hukiona kama kamera, iwe ni Mac au Windows.

Njia ya mtandao ninayoiamini zaidi ni VNC, programu ya kuona skrini ya kompyuta moja katika nyingine kupitia mtandao, iliyoanzia katika maabara ya utafiti ya Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1990, na ambayo hufanya kazi kwa Windows, Mac na Linux. Kompyuta zote mbili ziwe kwenye ruta moja, hata kama ruta hiyo haina kifurushi. Epuka Wi-Fi ya wageni ya hotelini, maana nyingi huzuia vifaa visionane, na katika Windows uweke mtandao wa ruta yako kuwa wa binafsi ili kinga yake isiyafunge mawasiliano. Weka nenosiri, na uizime programu ukimaliza. Usichanganye VNC na RDP, njia ya Microsoft ya kuingia katika kompyuta ukiwa mbali: matoleo ya Windows ya Home hayapokei miunganisho ya RDP, na hata katika yale ya Pro, mtu akiingia kwa RDP skrini ya kompyuta ile hufungwa, hivyo meza mbili haziwezi kutazama kitu kimoja.

Ukienda dukani, usiulize kama kompyuta ina Miracast. Uliza kama inarusha, uliza tena kama inapokea, na umwombe muuzaji aandike ile amri ya netsh mbele yako kabla hujatoa pesa.