Somo: Chora mwenyewe kipande cha ulimwengu kwa data za Sloan

Wadau, picha ya anga haina kina. Galaksi ya jirani na ya mbali zinakaa bega kwa bega. Kinachozitenganisha ni mhamo mwekundu, yaani z: kiasi ambacho mawimbi ya mwanga wa galaksi yamerefuka hadi kutufikia. Leo tunachora upya kipande walichokitoa Valérie de Lapparent, Margaret Geller na John Huchra mwaka 1986, chenye galaksi kama 1,100.

Hatua ya 1. Ingia kwenye hifadhi ya SDSS (upimaji wa anga wa Sloan), ni bure. Chukua safu za ra na dec (nyuzi za mahali galaksi ilipo angani, kama longitudo na latitudo) na z, za galaksi tu. Mipaka: ra 120 hadi 255, dec 26.5 hadi 32.5, z 0.003 hadi 0.05.

Hatua ya 2. Hii usiiruke, fanya moja kwa mkono. Mstari wa hidrojeni kwenye spektra ya galaksi, ambao maabara ni nanomita 656.3, tuseme umeukuta kwenye 671.4. Tofauti ni 15.1, gawa kwa 656.3 upate z ya 0.023. Zidisha kwa kasi ya mwanga, km 300,000 kwa sekunde: 6,900. Gawa kwa 70, kasi ya kutanuka kwa ulimwengu (km kwa sekunde kwa kila megaparseki), unapata megaparseki 99 hivi, yaani miaka nuru milioni 320. Umefika Coma, kundi kubwa la galaksi.

Hatua ya 3. x ni umbali mara kosaini ya ra, y ni umbali mara saini yake. Tia nukta ndogo kabisa, maana kubwa zinaziba mapengo, na mapengo ndiyo habari yenyewe. Litatokea umbo la mtu aliyetanua mikono: kiwiliwili ni Coma, mikono ni sehemu ya Ukuta Mkuu, tabaka kubwa la galaksi lililotangazwa 1989.

MASWALI

— Mwalimu, Coma yangu imetoka mstari mrefu unaotuelekea sisi. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Galaksi za ndani ya kundi zinakwenda huku na kule kwa kasi ya karibu km 1,000 kwa sekunde. z inabeba kasi hiyo pamoja na ya kutanuka kwa ulimwengu, nasi tumeigeuza yote kuwa umbali. Kundi lenyewe halijarefuka hivyo. Ndiyo maana kwenye mhimili mimi huandika "kasi".

— Kwa nini tuanzie 0.003?

Sababu ni hiyohiyo. Kwa majirani, mwendo binafsi unafunika utanukaji. Galaksi jirani ya Andromeda z yake ni hasi, inatujia.

— Nimesogeza z hadi 0.2, nukta zinakauka kule nje. Galaksi zimeisha?

Hapana, ndugu. Mbali hivyo, orodha hii ina zile angavu tu. Ukitaka kwenda mbali zaidi chukua data za DESI, kifaa kilichofungwa kwenye darubini ya Kitt Peak, Arizona, ambako roboti 5,000 zinaelekeza nyuzi za kioo, kila moja kwenye galaksi yake.